Debe Langu na Mguu wa Fakihi

Mimi nina ulimi, kijiji chote cha Mnyambe kinajua, na Mama Cyril aliuonja wote. Ndiyo maana nalisimulia jambo hili mwenyewe kabla wengine hawajanisimulia.

Ilikuwa Oktoba ya mwaka hamsini na nne. Nilikuwa nimeteremka bondeni kuteka maji tangu jogoo la kwanza, na jua lilikwisha kuwa kali nilipofika juu na debe kichwani. Hapo nikakutana na watu wamebeba kitanda, na kitandani yumo mume wangu, Fakihi. Alikuwa akifyeka shamba jipya la mikorosho, panga likateleza kwenye kisiki likampasua kigimbi. Wenzake walilijaza jeraha udongo na majani waliyoyatafuna ili kuzuia damu. Niliwafuata hadi zahanati, debe bado kichwani, wala sikukumbuka kulitua.

Mwenye kuiendesha zahanati alikuwa Emilia, mama wa makamo aliyefundishwa uuguzi na misheni kule Masasi. Wote tulimwita Mama Cyril. Nilimwambia amshone mume wangu upesi. Yeye alimpiga sindano ya ganzi, akaleta mtungi wa maji aliyokwisha kuyachemsha kwa chumvi, akamimina ndani ya jeraha mpaka mtungi ukaisha. Udongo ulikuwa bado unatoka. Akachukua mkasi, akakata nyama iliyokufa, kisha akanigeukia na kuniomba debe langu.

Kwetu mtu humwazima jirani chumvi, humwazima hata kitanda, lakini maji ya Oktoba, mvua zikiwa mbali, hufunikwa. Nilimpa kwa ajili ya Fakihi. Akayachemsha, akayapoza, akayamwaga yote mguuni kikombe kwa kikombe. Baada ya hayo yote hakushona! Alijaza vitambaa vya shashi kwenye jeraha likiwa wazi, akafunga bendeji, akampiga sindano ya kuzuia usaha, akasema tungoje siku nne.

Nilisema mengi siku ile, hata juu ya debe langu la maji, na mengine siyarudii. Nilimwuliza kama uzi umemwishia ama anawawekea watu wa kanisani kwake.

Asubuhi ya pili sikumpa hata shikamoo yake. Nilikuja na shemeji zangu tumchukue mgonjwa, kwa kuwa sokoni Newala kulikuwa na mtu mmoja wa kuzunguka masoko aliyejiita daktari na kushona watu papo hapo. Mwaka uliotangulia alimshona mguu jirani yetu Gervas, mshono umenyooka kama wa kanzu, tukamsifu sana. Siku ya nane mguu ulivimba ukanuka, na baadaye ukakatwa.

Mama Cyril alisimama mlangoni. "Mama Haji," akaniuliza, "mguu wa Gervas ulikatwa kwa nini?"

"Uzi ulikuwa mbovu."

"Uzi ulikuwa mzima. Alifungia uchafu ndani, usaha ukakosa pa kutokea. Nikimshona Baba Haji leo, nitampotezea mguu vilevile. Mchukue ukitaka. Ukimwacha, siku ya nne tutaunusa mguu huu mimi na wewe."

Hakupandisha sauti, na nadhani hilo ndilo lililonishinda. Shemeji zangu walirudi peke yao. Nilikaa kando ya kitanda nikimwaza Fakihi na mguu mmoja, mashamba yetu yamesimama na watoto watatu wanatutazama. Sijawahi kuogopa vile.

Siku ya nne alifungua bendeji, akainama, akaweka pua palepale, kisha akaniita nami ninuse. Nyama ilikuwa nyekundu, safi, haina harufu mbaya. Ndipo akatoa nyuzi mbili. Wa kwanza ulikuwa wa manjano, umehifadhiwa kwenye kichupa. Huo wa kushonea ndani, akaeleza, umetengenezwa kwa utumbo na utayeyuka wenyewe mwilini. Fakihi akainua kichwa akauliza utumbo wa mnyama gani. Alipoambiwa kondoo, akalala tena. Wa pili ulikuwa wa hariri nyeusi, wa kushonea ngozi. Kila mshono aliufunga fundo lake na kuukata, ili mmoja ukikatika mingine ibaki, wala hakukaza. Kingo za ngozi ziligusana tu. Kwetu wako wachongaji hodari, lakini mikono kama ile sijaiona.

Kiu ilinishika, nikaenda nyumbani kwake nyuma ya zahanati kuomba maji. Mitungi miwili ilikuwa imefudikizwa uani, mikavu. Jirani yake, Isabela, akaniambia kwamba mtungi wa siku ya kwanza ndio ulikuwa maji yote ya nyumba ile, na tangu hapo Mama Cyril alikuwa akinywa vikombe vya kuomba. Nami nilikuwa nimemtukana kwa debe moja. Nililia pale uani, mimi mwenye ulimi.

Nyuzi za juu zilitolewa siku ya kumi tangu ashonwe. Mwanzoni mwa Desemba, mvua zikiwa bado, Fakihi alichukua mti na madebe mawili akateremka bondeni. Wanaume wenzake walimcheka, maana maji ni kazi ya wanawake. Aliupanda mlima na mzega begani, debe kila ncha ya mti, bila kupumzika, nami nyuma yake mikono mitupu, macho kwenye kigimbi kile. Akautua mlangoni kwa Mama Cyril.

"Shikamoo, Mama Cyril," nikasema.

"Marahaba, Mama Haji."

Hakuyatazama maji. Alichuchumaa, akapitisha kidole juu ya kovu, polepole, toka juu hadi chini.