Bangili ya Hatua

...na huo mkono ataushusha lini jamani, umekaa juu tu, mkono wa Sitara wenye hina iliyoanza kufifia, umenyooka katikati ya ukumbi wa ofisi mbele ya makarani na madereva na wake zao, na Sista Candida, muuguzi aliyealikwa kufundisha ajali za moto majumbani, ameshauona, amesema nimekuona mama, ngoja nimalize hapa kwenye jiko halafu utatupa huo mfano wako, na Sitara badala ya kuushusha kauacha hukohuko, kama mwanafunzi anayeogopa kusahauliwa, na Abdulswamad aliyekaa ubavuni mwake kwenye kiti cha plastiki, Badria mapajani, anaujua mfano wenyewe, anaujua neno kwa neno, maana wiki tatu nzima anausikia, kwa majirani, kwa mashemeji, kwa daktari, ni mimi, ni mimi niliyeacha maharage jikoni nikaenda zangu kwenye arobaini ya mtoto wa dada, na kila ukisimuliwa yeye huinamisha kichwa, na watu wanasema maskini, uchungu wa baba huo... uchungu! Angekuwa na uchungu angefungua mdomo. "Jiko la mkaa halikai njiani anakopita mtoto," anasema Sista, na ukutani pametokea picha ya sufuria yenye mpini mrefu, geuzeni mpini uelekee ukutani, sufuria ya nani hiyo, Kariakoo nzima nani ana sufuria yenye mpini, watu wamecheka, Sista naye kacheka, kasema haya, zetu hazina mipini, basi ziwekeni juu, na Abdulswamad kajikuta naye kacheka, kacheka kweli, meno nje, na mtoto yuko mapajani na bandeji kutoka paja hadi unyayo, we Swamadi we, una haya wewe?

Lakini wapi pa kuziweka juu, kolido lenyewe lile, ghorofa ya nne Mtaa wa Sikukuu, vyumba vinane, kila mlango na jiko lake sakafuni, mvuke wa huyu unaingia kwa yule, ndiyo maana alilitaka lile jiko la gesi, ndiyo, hilo ndilo alilojiambia, kwamba ni kwa ajili ya Sitara, apumzike kupuliza mkaa, na jiko lenyewe lile pale mbele kwenye meza ya Ritha wa utumishi, plate mbili, mtungi pembeni, utepe mwekundu, linamsubiri, maana jina lake ndilo la kwanza kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, ABDULSWAMAD, la pili KASMIR, na Kasmir wa stoo kampiga begani asubuhi wakati wanaingia, "Mzee wa hatua! Siku ya mwisho ulinifanyia nini, bwana? Ulikimbizwa na mbwa?" na Sitara akacheka kwa fahari, kwa fahari, akasema huyu nyumbani hatembei hata kufuata chumvi, sijui huko nje anazipata wapi... Alizipata kolidoni, mama Badria. Mwezi mzima alikuwa anazitafuta kihalali, Mungu shahidi, akitoka kazini Posta anakata Mnazi Mmoja kwa mguu mpaka nyumbani, jasho linamtoka, bangili ya mpira mkononi inahesabu, ofisi iligawa bangili kwa kila mtu, mpango wa afya ya wafanyakazi, maana kazi ya kutoa mizigo bandarini ni kukaa na makaratasi kutwa, matumbo yametangulia, presha kila dawati, mwenye hatua nyingi mwisho wa mwezi anabeba jiko, na Jumapili ile ilikuwa ndiyo siku ya mwisho, na Kasmir alikuwa amemzidi hatua elfu tatu, na yeye goti lilikuwa linamuuma, na Badria alikuwa anakimbia.

Hicho tu. Alikuwa anakimbia, kama anavyokimbia siku zote, mtoto wa miaka minne hajui kutembea, kutoka mlango wa kwao mpaka mlango wa mama Victoria mwisho wa kolido na kurudi, na yeye kalala kwenye mkeka mlangoni anamtazama ile miguu, mifupi, akapiga hesabu, mwanaume mzima, kapiga hesabu, hatua zangu arobaini ni zake tisini, miguu mifupi hatua nyingi, akajiona mjanja, akamwita, njoo mama, njoo baba akuvalishe saa, akaizungusha bangili kwenye kifundo cha mguu, mkia ukabaki unaning'inia maana mguu mwembamba, haya kimbia, kimbia mpaka kwa mama Victoria urudi upate biskuti. Na Sitara alikuwa ameaga vizuri, hakuna alichoacha kusema, alisimama palepale mlangoni na mtandio wake mpya, "Baba Badria, maharage yanachemka, naomba mwangalie mtoto, eti," na yeye akasema nenda mke wangu, nenda, mimi nipo... mimi nipo! Alikuwepo, ndiyo, alikuwepo na simu, bangili inapeleka hesabu kwenye simu, raundi ya kumi, ya kumi na tatu, mtoto kachoka anataka maji, maliza kwanza mama, bado kidogo, ya kumi na saba, na simu ikaonyesha amempita Kasmir, amempita kwa hatua sitini, na alikuwa anatabasamu, hicho hatakisahau mpaka kaburini, alikuwa anaitabasamia simu aliposikia bati linaburuzika sakafuni, mkia wa bangili umenasa kwenye sikio la jiko, na sufuria.

"Na dakika za mwanzo," Sista anasema, "jamani naomba mnisikilize hapa, dakika za mwanzo ndizo zinazomwokoa mtoto, usikimbilie dawa ya mswaki, usikimbilie asali wala yai, ni maji, maji ya bomba ya kawaida, dakika ishirini, mara moja, usifanye kitu kingine kwanza," usifanye kitu kingine kwanza, na kuna baba mmoja kule nyuma anaandika kwenye daftari, andika bwana, andika, usifanye kitu kingine kwanza, maana yuko mwenzio hapa alifanya. Ndoo ya maji ilikuwa mlangoni. Imejaa. Na yeye akaiona, akaiona kwa macho yake mawili, akapiga magoti na mkono wake wa kwanza ukaenda kwenye bangili. Siyo kwa mtoto. Siyo kwa ndoo. Kifungo kimekaza, vidole vinateleza kwa maharage, mtoto anapiga kelele baba, baba, baba, anamwita amwokoe na yeye anahangaika na kifungo, maana alishasikia mlango wa mama Victoria unafunguka, na alichowaza, Mola amsamehe, alichowaza pale ni kwamba wataiona, wataiona na watauliza mtoto kavalishwa nini, na ofisini watajua, na Kasmir atacheka. Ni muda gani? Mara nyingine akiwa bafuni anahesabu, moja, mbili, tatu, anafungua kifungo cha hewani, anafika kumi na moja, anafika kumi na tano. Halafu akaitia mfukoni. Halafu ndoo. Na mama Victoria akatokea anapiga yowe Yesu wangu, Yesu wangu, akakuta baba anammwagia mtoto maji, na mpaka leo akimwona ngazini humwambia mwenziwe, huyu baba shupavu, ningekuwa mimi ningezimia.

Na alama yake ipo. Hapa, chini ya bandeji, kidole chake kinapajua, mzunguko wa ngozi nzima kwenye kifundo cha mguu, upana wa kidole, juu yake pameungua, chini yake pameungua, pale katikati pazima kabisa, daktari alipaona siku ya kwanza akashangaa, alivaa soksi? Sitara akasema hapana daktari, alikuwa miguu mitupu, ni Mungu tu, na yeye akaitazama kalenda ya ukutani kama mtu aliyeulizwa tarehe. Ni Mungu tu! Sitara kila akimbadilisha bandeji hupagusa pale, huomba, husema ona Mungu alivyonihurumia mimi mkosaji, akaacha hata pete kwa mwanangu. Halafu usiku analia kimyakimya akidhani mwenziwe kalala. Na mama yake Abdulswamad anapiga simu toka Kilwa kila Ijumaa baada ya sala, "Mkeo ana kiguu na njia, nilikwambia tangu mwanzo, mwanamke wa kushinda kwenye shughuli za watu," na simu iko kwenye spika, na Sitara yupo palepale anachambua mchele, na anajibu mwenyewe, kwa adabu, "Shikamoo mama, ni kweli mama, nimekosa," marahaba haikuitikiwa, ilikatwa simu, na yeye mume alisema nini? Alisema mama naye bwana. Basi. Mama naye bwana, akauliza kama kuna chai.

Na sasa Sitara anataka kuyasema haya hapa, mbele ya ofisi ya mumewe, mbele ya Ritha na Kasmir na wake za madereva, mkono juu, ili mwanamke mwingine asifanye kosa lake, jana alimwambia hivyo, "Nikiongea labda moyo utatua," akapiga pasi gauni lake kwa ajili hiyo, na akishamaliza watampigia makofi, mama jasiri, halafu Ritha atasimama na lile karatasi, na sasa mshindi wetu, na mshindi atapita katikati ya viti kwenda kuchukua jiko, na Sitara atapiga vigelegele. Atapiga. Anamjua. "...na mafuta ya taa," Sista anaendelea, "msiyatie kwenye chupa za soda, mtoto hajui kusoma," na Sitara mkono kaushikilia kwa mkono wa pili, hataki kuushusha. Abdulswamad bado anaweza kukaa kimya. Ni rahisi, kakaa kimya wiki tatu, hapajatokea kitu, nani anajua, hakuna anayejua, simu haisemi, bangili haisemi, iko hapa mkononi mwake imeoshwa imetakata, na Badria amekuwa akiichezea muda wote huu, anaingiza kidole chini yake, anakitoa, anakiingiza, halafu akaacha, akajiinua kwenye paja lake kwa taabu kwa ajili ya mguu, akamshika shingo, mdomo mpaka sikioni.

"Baba," kanong'ona. "Mie sijamwambia mama."

Hakuelewa kwanza, halafu akaelewa, hospitali, benchi la kusubiri, dripu, Sitara bado yuko njiani anakuja mbio, na yeye kamwinamia mtoto aliyefungwa mguu mzima akamwambia ile saa ni siri yetu mimi na wewe, mama usimwambie, nitakuletea biskuti, na biskuti hakuleta, alisahau, kasahau kabisa, na huyu hakusahau, kila siku akibadilishwa bandeji anapiga kelele mpaka sauti inakauka, mama yake anamwambia nisamehe mwanangu, nisamehe, na yeye ana jibu mdomoni, miaka minne, na amelibana, kwa ajili ya baba. Uso umemwaka moto mpaka masikioni. Aibu aliyokuwa anaiogopa ni ya Kasmir kucheka, kumbe hiyo siyo aibu, hiyo ni utani tu wa stoo. Sista yupo bado kwenye mafuta ya taa, Ritha anapanga karatasi zake, mkono uko juu. Akashika kifungo cha bangili, kilekile, kikakaza kidogo halafu kikaachia, akaivua, akaiweka kwenye paja la Sitara juu ya gauni lililopigwa pasi.

"Shusha mkono, mama Badria."

"Niache, nataka kusema," Sitara kamjibu kwa sauti ya chini, macho kwa Sista.

"Ushushe. Si wewe."

Akageuka kumtazama, akaitazama bangili, mkono bado uko juu.