Umemwona?

Baba alizima injini katikati ya njia ya vumbi, akanyoosha kidole dirishani, akanong'ona, "Simba."

Tuligeuka sote. Nyasi zilikuwa ndefu, rangi ya mkate uliokauka, na katikati yake, mahali ambapo jiwe lililorushwa na mtoto lingefika, palikuwa na kichuguu. Kilikuwa chekundu, kimebonyea upande mmoja kama kitu kilichojilaza. Nilingoja simba atokee nyuma yake. Nikaendelea kungoja. Chini ya miguu yetu injini ilikuwa inapoa, inagonga polepole.

"Mnamwona?" Baba aliuliza, kwa furaha ya mtu aliyetimiza ahadi.

Ahadi yenyewe ilikuwa ya zamani: nikimaliza chuo, tungekwenda mbugani wote kuona simba. Na chuo nilikuwa nimekimaliza. Nilisomea ukutubi, nikavaa joho la kukodi, nikapigwa picha, nikarudi nyumbani na sanduku lile lile nililoondoka nalo. Baada ya hapo sikuhisi kitu. Sisemi nilihuzunika, huzuni ingekuwa na mahali pa kuishika. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi. Unauona ni wako, unaubonyeza, haukujibu. Asubuhi nilifagia uani na kuosha vyombo. Mchana nilipeleka maombi ya kazi kwenye ofisi ambako makatibu waliyapokea bila kuinua macho. Jioni majirani waliniuliza, "Umepata?" Hakuna aliyetaja nini. Nami nilijibu, "Bado," nikapita.

Hata mbugani nilikwenda kama mzigo uliopakiwa. Baba alikuwa dereva wa basi la shule. Aliazima gari dogo kwa rafiki yake fundi, akaliosha mpaka Mama akamwonya kwamba litachubuka. Mama alifunga chakula cha kutosha kijiji. Mdogo wangu, msichana tuliyemwita Redio kwa sababu hakuna aliyewahi kukiona kitufe chake cha kuzimia, alianza kusema kabla milango haijafungwa.

"Profesa," Baba aliniambia, "kaa mbele unisomee vibao."

Kila tulipoazima gari, kiti cha mbele kilikuwa cha Mama. Alihamia nyuma bila neno, nami nikadhani ni heshima ya mhitimu. Nikasoma. "Kushoto, Baba. Punguza, kuna tuta. Geti hilo."

Askari wa getini alituonya tusishuke garini wala tusiwape wanyama chakula.

"Na wao umewaambia wasitufanye sisi chakula?" Baba aliuliza.

Askari akacheka, akatufungulia.

Tuliona twiga, tukaona pundamilia wakitupa visogo. Redio alitangaza kila mmoja kama mpira wa fainali. "Yule pale, Baba! Umemwona?"

"Nimemwona," Baba alijibu kila mara, upesi, kabla hata hajageuza shingo.

Kisha tukafika kwenye kichuguu.

"Lakini Baba, hicho si..." Redio alianza. Katika kioo niliuona mkono wa Mama ukimfinya paja. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Redio akanyamaza.

"Mh," Mama akasema. "Dume hilo. Tazama alivyolala, utadhani mwenye nyumba."

"Na Profesa je? Umemwona?"

Nilikitazama kidole chake. Kilikuwa kimeelekea kichuguuni moja kwa moja, hakitetemeki. Ndipo mambo yakaanza kujipanga yenyewe, kama vitabu vinavyorudi rafuni. Gazeti alilokuwa ameliacha, akisema habari ni zile zile. Magari ya usiku aliyoyalaumu kwa taa zisizo na adabu. Vibao. Mama nyuma, amenyamaza. Na keshokutwa, Jumatatu, basi lililojaa watoto wa watu.

"Nimemwona, Baba."

Alishusha pumzi. Redio, kwa sauti ndogo isiyo yake, aliomba tungoje kidogo, akainua simu, akapiga picha.

Sikulia. Nilitazama nyasi zikipita mpaka tukafika getini. Baba akasimama kunywa maji, nami nikashuka, nikazunguka gari, nikasimama kwenye mlango wake. Mimi ni mtu ninayeweza kukaa na kiu kuliko kumsumbua mwenye mtungi. 

"Baba, naomba ufunguo."

"Wa nini?"

"Leseni yangu imelala kabatini pamoja na cheti. Angalau kimoja kifanye kazi."

Mama alicheka kidogo. Baba hakucheka. Alikuwa anayapapasa meno ya ufunguo kwa kidole gumba.

"Njia ina mashimo, Profesa."

"Utanielekeza."

"Nitakuelekezaje?" alisema, taratibu sana, na hakuna aliyejifanya hakusikia.

"Kwa mdomo," Mama akajibu kutoka nyuma. "Kama siku zote."

Akanipa.

Gari lilinizimikia hapo hapo, mbele ya askari. Likawaka, likaruka kama chura, tukaondoka. Baba alikaa ameinamisha kichwa, akisikiliza. "Ongeza gia, linalalamika. Sasa liache lipumue." Mguu wangu wa klachi ukaanza kuuma, ndani, kuanzia kisiginoni. Niliuacha uume.

Tulikuwa tumeshafika lami aliposema, "Jumatatu nitawaambia shuleni."

"Tutakwenda wote, Baba."

Akageuza uso dirishani. "Kilikuwa nini?"

"Kichuguu."

"Kikubwa?"

"Kikubwa kweli."

"Basi," alisema, akaegemea kiti.

Basi la shule sasa lina dereva mwingine. Gari la fundi huwa naliazima siku za kumpeleka Baba hospitali ya macho, ambako hutupokea vizuri na kuturudisha vile vile. Majirani bado huniuliza, nami bado hujibu bado.

Picha ya Redio tuliikuza, tukaitundika sebuleni. Mgeni akishakaa, Baba humwambia asimame aisogelee. Mgeni huinama, hukunja macho, huzitazama nyasi na lile bonge jekundu, kisha hututazama sisi mmoja mmoja. Mama anakunja nguo. Redio amejiziba mdomo.

"Umemwona?" Baba huuliza.

Mpaka leo hajatokea mgeni aliyesema hapana. Na Baba hutabasamu, uso ameuelekeza ukutani, pembeni kidogo ya picha.