Jicho la Dubow

Rungu la Koinet lilimpata Dubow kwenye jicho la kushoto, likalia kama kibuyu kinachopasuliwa kwa jiwe. Dubow hakupiga kelele. Alipiga magoti katikati ya soko la mifugo la Kajiado, akafunika uso kwa viganja, damu ikachuruzika katikati ya vidole. Koinet akampiga tena, mgongoni, kisha mbavuni, huku akifoka kwamba Wasomali wameingia na dini yao kula ng'ombe wa watu. Wengine wakajitosa na fimbo. Hasira ya soko haiulizi kisa.

Hatua kumi kutoka hapo alisimama Simel, kaka yake Koinet, daftari mkononi.

Simel alikuwa akisomea masuala ya amani katika chuo kimoja Nairobi, na kwa miezi minane alikuwa ameandika kuhusu familia za Kiislamu za mtaa wa Noonkopir: namna wanavyosuluhisha ugomvi, namna wanavyosameheana. Dubow, mnunuzi wa ng'ombe, ndiye aliyemfungulia mlango. Alimnywesha chai ya maziwa ya ngamia, akamweleza mambo ya imani kwa upole wa mtu anayemwonyesha mgeni njia. Siku hiyo Simel aliiona damu ya mwenyeji wake, na miguu ikamganda. Akajiambia kwamba mtafiti haingilii. Hata yeye hakuliamini neno hilo.

Ng'ombe wawili wa baba yake Koinet na Simel, waliosemekana wameibwa na kupakiwa kwenye lori la Dubow, walipatikana kesho yake Isinya, wakila majani kando ya shamba la maua.

Polisi walimkamata Koinet, lakini wafanyabiashara wote waliohojiwa walisema hawakuona kitu. Kilichobaki ni ushahidi wa Dubow peke yake. Baba yao akamtuma Simel kwa Dubow kuomba yaishe.

Dubow alikuwa amelala kwenye godoro sebuleni, nusu ya kichwa imefungwa bendeji. Jicho lilikuwa limetolewa hospitalini. Mkewe, Timiro, hakumkaribisha Simel kiti.

"Nimekuja kuomba msamaha kwa niaba ya familia," Simel alisema. "Mzee, wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba aliyeumizwa akisamehe, hiyo ni sadaka mbele ya—"

"Wacha!" Timiro alimkata. "Hayo maneno tulikupa ukiwa mgeni wetu. Leo umeyarudisha yakuwe kamba ya kutufunga?"

Simel akainamisha kichwa. Aliwahi kuandika juu ya subira ya watu hawa kana kwamba ni kisima kisicho na mwenyewe, kila mpita njia achote anavyotaka. Hakuwahi kuuliza waliochimba waliumia vipi.

Dubow akazungumza taratibu, kila neno likimuuma ubavuni. "Simel, mimi nilikuona. Hii jicho, kitu ya mwisho iliona ni wewe. Umesimama tu."

"Ni kweli, mzee."

"Kusamehe ni yangu na Mungu wangu. Pengine itakuja. Lakini siwezi samehe kitu watu wanasema haikutokea."

Simel hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja hadi kituo cha polisi cha Kajiado, akamwambia Sajini Mukai kwamba amekuja kuandikisha taarifa.

"Huyu Koinet ni ndugu yako wa damu?" Mukai aliuliza.

"Tumbo moja."

"Na bado unaandikisha?"

Akaandikisha. Alitaja pigo la kwanza, la pili na la tatu, na waliofuata kwa fimbo. Mwisho akasema kwamba yeye Simel alikuwapo na hakusogea hata hatua moja.

"Hiyo si lazima," Mukai alisema.

"Naomba uiandike."

Alipokuwa akitia sahihi, Koinet aliletwa kutoka seli ili achukuliwe alama za vidole, akaketishwa kwenye benchi la ukutani na pingu mikononi. Midomo ilikuwa imempasuka kwa kukauka. Aliitazama karatasi, akamtazama kaka yake, na Simel akangoja matusi.

"Yeyo anajua?" Koinet aliuliza. Tangu utotoni hawakuwa na jina jingine la mama yao.

"Bado."

 Koinet akajisogeza kidogo kwenye benchi, na Simel akaketi. Mabega yao yakagusana, na hakuna aliyeondoa lake.