Karatasi Kumi na Moja za Ijumaa

"Zishone humo humo," mchungaji alisema, akaweka bahasha nene juu ya meza, kando ya Biblia ya mimbari iliyokuwa imelala bila jalada, mgongo wazi. "Nyuma kabisa, baada ya ukurasa wa mwisho. Jalada moja, uzi mmoja. Yote ni neno."

Mjalidi vitabu hakuinua uso mara moja. Alikuwa ameilowesha gundi ya zamani ili ailainishe, na ukizubaa inashika upya. Alikwangua mpaka mwisho wa mgongo, akafuta kisu kwenye aproni yake, ndipo akauliza, "Ziko ngapi?"

"Kumi na moja. Ijumaa kumi na moja." Mchungaji akashusha sauti. "Na za mwanao zimo, Baba Sisimizi. Katibu aliandika kila kitu."

Sisimizi lilikuwa jina la utani. Mtoto alikuwa na jina lake la ubatizo, lakini tangu aanze kutembea alikuwa akiokota vipande vya karatasi chini ya meza ya baba yake na kuvibeba kimoja kimoja hadi kwenye boksi lake la kona, hana mchezo mwingine, na mtaa mzima ukamwita hivyo. Baba akawa Baba Sisimizi, mama akawa Mama Sisimizi. Alipofariki akiwa na miaka tisa, watu walihangaika wawaite nini wazazi wake. Wengine walianza kusema "fundi" na "mama" tu, kwa huruma, na huruma hiyo iliwauma wazazi kuliko jina.

Homa ilimshika siku ya Jumatatu. Meza ilikuwa imejaa vitabu vya nyimbo arobaini vilivyotakiwa Jumatano, na baba akasema, "Kesho tutampeleka, leo anywe maji apumzike." Kesho yake alisema hivyo hivyo. Jumatano vitabu vilikuwa tayari, vimenyooka, vizuri kupita kiasi, na mtoto hakuweza kusimama. Alifia kwenye benchi la zahanati, kwenye foleni. Tangu siku hiyo mjalidi hakuwahi kujalidi kitabu cha nyimbo tena. Ukimletea alikuambia ana kazi nyingi, hata kama meza yake ni tupu.

Mkewe hakumlaumu kwa mdomo. Alinyamaza tu, mwaka mzima, akapika, akafua, akanyamaza. Halafu katika chumba cha sala cha Ijumaa akatokea mwanamke waliyemwita Mwonaji, ambaye alifumba macho na kusema kwa sauti za watu waliokufa, huku katibu wa kanisa akiandika. Ijumaa ya nne alisema kwa sauti nyembamba ya mtoto: "Baba bado anakunjia karatasi kwa ulimi wa ng'ombe?"

Mkewe alianguka pale pale. Ulimi wa ng'ombe ni jina ambalo Sisimizi alikuwa ameupa mfupa laini wa kukunjia karatasi, mweupe, mrefu kama kiganja. Hakuna aliyelijua ila wao watatu. Kisha sauti ikaongeza, "Mwambieni baba hana kosa."

Mkewe aliporudi nyumbani na kumwambia maneno hayo, mjalidi aliingia nyuma ya rafu za vitabu akalia mpaka kifua kikamuuma. Tangu hapo mkewe alizungumza tena, lakini Ijumaa tu na Jumamosi kidogo. Siku nyingine alikuwa mtu anayesubiri.

Kwa hiyo bahasha ile haikuwa karatasi tu. Mjalidi aliifungua, akaitafuta ile ya nne, akayapapasa yale maneno matatu, *baba hana kosa*, kwa mwandiko wa katibu uliolalia kushoto. Akayasoma mara nyingi. Kisha akatia uzi kwenye nta na kuanza kazi.

Kitabu kinene hushonwa kwa mafungu. Unakunja karatasi kadhaa pamoja, unashona fungu kwa fungu, na kabla ya kutia sindano unahakikisha neno la mwisho la fungu moja linapokelewa na neno la kwanza la fungu linalofuata. Hivyo ndivyo alivyosoma Maandiko kwa miaka thelathini: kwa kingo. Alijua jinsi kurasa zinavyoanza na zinavyoishia, mamia kwa mamia, na yaliyo katikati aliyaacha kwa wenye nafasi. Jumapili alisikiliza kama wengine, akiwaza gundi.

Jumanne alifika kwenye ukurasa uliochomoka. Kona yake ya juu ilikuwa imeliwa na panya, namba hakuna, kichwa hakuna. Ili aujue mahali pake ilimbidi ausome wote.

Ulikuwa unahusu mfalme. Alikuwa amemwuliza Mungu na hakujibiwa, si kwa ndoto, si kwa manabii. Basi mfalme yule, ambaye mwenyewe alikuwa amewafukuza nchini wote wanaoongea na wafu, alivaa nguo za kuazima akaenda kwa mwanamke mmoja na kumwomba ampandishie mfu. Mjalidi alikuwa amewahi kulisikia simulizi hilo, tena akacheka na wenzake mwanamke alipomtambua mteja wake. Safari hii hakucheka. Alimwelewa mfalme. Mtu ambaye mbingu zimemnyamazia hubisha hodi mlango wowote.

Alichokuwa hajawahi kukiona ni hiki: mfu alisema kweli. Kila neno. Kweli yenyewe haikumwinua mfalme hata kidogo, ilimlaza sakafuni, urefu wake wote, hana nguvu, hajala, mpaka wakambembeleza ale. Kesho yake alikufa.

Mjalidi aliweka ukurasa chini. Siku zote alikuwa amejiuliza swali moja tu juu ya ile sauti ya Ijumaa: ni kweli au ni uongo? Na kwa sababu ya ulimi wa ng'ombe alijibu ni kweli, akafunga mjadala. Haikumpitia akilini kwamba kulikuwa na swali lingine, la kama aliruhusiwa kuuliza. Katazo alilijua, nani hakulijua? Alilijua kama mtu anavyojua maandishi kwenye chupa ya sumu wakati hana kiu.

Hata hivyo alizishona zile karatasi kumi na moja nyuma, kama alivyoagizwa. Mkono wake ulizishona. Alizibana vizuri, akaiacha Biblia kwenye kibano ikae.

Jumatano asubuhi mchungaji alirudi, anahema.

"Bado hujatia jalada?"

"Bado. Nimemaliza kushona."

"Afadhali. Kuna badiliko. Sauti imesema zikae mbele."

"Mbele ya nini?"

"Mbele, fundi. Kabla ya Mwanzo."

Mjalidi akaushika mfupa wake wa kukunjia, akaugeuza geuza. "Mchungaji, mtu akifungua atakutana na hizo kabla ya vyote."

"Ndiyo maana yake. Maandiko yalisemwa zamani, kwa kila mtu. Hizi zimesemwa juzi, kwetu sisi, kwa majina." Alikuwa mtu mpole, na macho yake yalikuwa mekundu. "Karatasi ya kwanza ni ya marehemu mke wangu. Miaka sita nimepanda mimbarini na kufungua kitabu hicho, sikuwahi kumkuta humo. Nisaidie nimkute."

Angemjibu nini mfiwa mwenzake? Mjalidi alisema tu, "Njoo Ijumaa utakikuta tayari," na mchungaji akamshika bega akaondoka.

Alichukua wembe ili azifumue za nyuma na kuzihamishia mbele. Alipokuwa akikata uzi alikumbuka benchi la zahanati. Mbele yao kulikuwa na mtu mmoja tu, na nyuma yao bibi kizee anayekohoa. Zamu yao ilipofika, Sisimizi, midomo imekauka, alisema, "Bibi apite kwanza." Wakampisha bibi. Mtoto yule hakuwahi kudai mbele. Hata vitabu vya watu hakuvigusa kabla ya kunawa mikono kwenye ndoo ya pale mlangoni.

Huo si ushahidi kwamba sauti si yake, alijiambia. Labda wafu hubadilika. Lakini wembe ulikuwa umeshafika mwisho, karatasi kumi na moja zimelegea mkononi mwake, na Biblia imebaki yenyewe kwenye kibano. Akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akapaka gundi mgongoni, akabandika kitambaa, akatia jalada. Bila kitu mbele. Bila kitu nyuma. Jalada lilikaa sawa.

Mkewe alimletea chakula mchana. Aliona kitabu, aliona bahasha kando yake.

"Hujaziweka."

"Sijaziweka."

"Kwa nini?"

"Kaa kwanza, Mama Sisimizi."

"Sikai. Kwa nini?"

Alijaribu kumweleza habari ya ukurasa ulioliwa na panya, ya mfalme, na maneno yakamtoka ovyo, maana hakuwa mtu wa maneno. Mkewe alimkatiza.

"Alitaja ulimi wa ng'ombe au hakutaja?"

"Alitaja."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi ni yeye!"

"Sijui ni nani, mke wangu. Na hata kama ni yeye, tumeambiwa tusiulize. Kitabu chenyewe ndicho kinachozipima sauti. Nikizishona humo, tutazipima kwa nini?"

Mkewe alimtazama kama mtu anayemtazama mpita njia. Akasema polepole, kila neno peke yake, "Ulimchelewesha akiwa hai. Sasa unamfukuza akiwa amekufa."

Neno hilo mjalidi alikuwa amelingoja kwa zaidi ya mwaka, na lilipokuja halikumshangaza, lilimchoma tu. Aliketi juu ya kigoda cha mtoto, kile kidogo, magoti yakamfika kifuani.

"Unadhani sitaki awe yeye?" alisema. "Alisema sina kosa. Dunia nzima nitampata wapi mwingine wa kuniambia hivyo? Nimeisoma karatasi ile mpaka wino umeanza kufifia. Lakini kosa ninalo. Nilikuwa naweza kuweka sindano chini, sikuiweka. Sisimizi hawezi kunifutia, alikuwa mtoto wa miaka tisa. Nitamwomba Mungu, na akinyamaza nitaendelea kumwomba."

"Akinyamaza," mkewe alisema, "mimi nitamsikia nani?"

Hakungoja jibu. Akatoka. Chakula kilipoa juu ya meza, na hakuna aliyekigusa.

Ijumaa mjalidi alikibeba kitabu mwenyewe hadi chumba cha sala. Watu walikuwa wameanza kukaa. Alimkabidhi mchungaji Biblia kwa mikono miwili, na juu yake ile bahasha, imefungwa kwa uzi. Mchungaji alifungua jalada, akakuta ukurasa mweupe, kisha Mwanzo. Alipekua nyuma. Uso wake ukalegea.

"Nilikuomba," alisema.

"Uliniomba, mchungaji. Nisamehe. Karatasi zote zimo kwenye bahasha, sikuharibu hata moja. Ila humo siwezi."

"Wewe ni fundi. Nani amekuuliza habari ya humo?"

Watu waligeuka. Mtu mmoja wa nyuma alisema tangu lini gundi ikahubiri, na wachache wakacheka. Mwonaji alikuwa ameketi mbele, mikono mapajani, mwanamke wa kawaida mwenye viatu vilivyoisha visigino. Mkewe alikuwa karibu naye. Aliinuka, akachukua bahasha kutoka mkononi mwa mchungaji, akaifungua, akachomoa karatasi moja, akaketi nayo. Hakumtazama mumewe. Mjalidi akatoka nje peke yake, na nyuma yake mlango ukafungwa na nyimbo zikaanza.

Alirudi kwenye meza yake. Hakuwasha redio. Alitoa Biblia yake ndogo, ile aliyopewa siku ya ndoa, aliyoijalidi mara mbili na kuisoma kwa kingo tu, akatafuta ukurasa wa mfalme. Jua lilikuwa bado lipo dirishani. Ibada za Ijumaa zilichukua saa tatu, na mkewe huenda asirudi kabisa. Dada yake alikaa jirani na chumba cha sala, angeweza kulala huko.

Haikupita saa nzima, akasikia maji kwenye ndoo ya mlangoni. Mkewe alikuwa ananawa mikono. Alinawa taratibu, akajifuta kwenye kanga, akaingia, akaketi kwenye kigoda cha mtoto. Macho yalikuwa yamevimba. Karatasi ilikuwa kiganjani.

"Leo ile sauti iliniita," alisema. "Akasema nichague, yeye au wewe." Akameza mate. "Sisimizi alikuwa akitulaza sote kwenye mkeka mmoja ili asichague."

Mjalidi akaiweka ile Biblia ndogo mezani.

"Sijasema uko sahihi," mkewe alisema.

"Najua."

"Nisomee huyo mfalme wako."

"Anaishia vibaya."

"Nisomee tu."

Alisoma, kidole chini ya maneno, akikwamakwama, si msomaji wa sauti. Alisoma jinsi mfalme alivyoanguka, jinsi alivyobembelezwa, jinsi alivyokula, akasimama akaenda zake. Alipomaliza, mkewe aliinua uso.

"Na yule aliyekufa, alisema tena?"

"Hakusema tena."

Mkewe aliitikia kwa kichwa. Akaitandaza karatasi ya nne mezani, akaikunja katikati, maandishi kwa ndani. Kisha akanyoosha mkono, akauchukua ulimi wa ng'ombe, akaanza kuupitisha juu ya mkunjo, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, polepole, kama mumewe alivyowafundisha wote wawili, yeye na Sisimizi.