Shemeji na Jiwe Lililopotea

Mke wa kaka yangu alipoteza jiwe lenye upana wa kilomita tatu, nami sikumwacha apumzike.

"Shemeji, watu hupoteza funguo. Wewe umepotezaje mlima?"

"Paka grisi, fundi," alijibu bila kugeuza shingo.

Mimi natunza mota za paa linalofunguka juu ya darubini. Yeye anawinda asteroidi, yale mawe yanayozunguka Jua kati ya Mirihi na Mshtarii. Mwaka uliotangulia aliona nukta ikisogea katika picha za usiku nne, akaipigia hesabu ya njia yake. Sasa msimu wake wa kuonekana ulikuwa umerudi, na pale ilipotarajiwa hapakuwa na kitu. Asipoipata, ndiyo imepotea. Mwingine ataigundua upya na kuipa jina yeye.

Asubuhi moja, macho kwenye skrini, akaniita.

"Tazama nukta ya usiku wa kwanza. Imefifia kuliko zile tatu."

"Wingu hilo."

"Anga ilikuwa safi. Hili ni jiwe jingine, shemeji. Nimeunganisha mawe mawili nikadhani ni moja."

Nikaguna. Usiku wa kwanza ndio uliompa tarehe ya ugunduzi. Akiufuta, tarehe inasogea mbele, na kama kuna mwenzake aliyeliona hapo katikati, jiwe si lake tena.

"Si ukae kimya tu? Nani atajua?"

"Jiwe."

Akafuta. Mimi maisha yameninyoosha vya kutosha; nimeona watu wazima wakiung'ang'ania uongo mdogo kuliko huo kwa meno yote. Huyu hata hakusonya. Hesabu mpya ikaelekeza kando kidogo, darubini ikageuzwa huko, na kwenye picha nukta yetu ikaonekana inajikokota, haina habari na mtu. Na tarehe? Ilisogea, lakini hakuna aliyemtangulia.

Jina lilisubiri miaka, mpaka njia ithibitike. Nikaomba lipewe langu.

"Jiwe la watu halijafanya kosa lolote," alisema. Akalipatia jina la mkwewe, mama yetu, aliyemlelea watoto wakati anasoma.

"Halitaniangukia?" mama akauliza.

"Hapana, mama," shemeji akamjibu. "Linafuata njia yake ileile, miaka minne na ushei kila mzunguko, halimsumbui mtu."

Mama akanitazama mimi. "Basi lina adabu kuliko wengine niliowazaa."