Kilo Mbili za Maji

Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, wazee wa makao ya serikali hupimwa uzito. Mizani huwekwa barazani, nao hupanga foleni na viti vyao na bakora zao, macho kwenye mashamba ya chai yanayoteremka mpaka mtoni. Kaunti huleta maziwa na mayai ya watu sita, na wazee ni hamsini na mmoja. Kwa hiyo iko sheria: aliye chini ya kilo arobaini anaingia kwenye orodha ya maziwa, nafasi ikipatikana. Akifika arobaini anatolewa, anarudi kwa ugali na sukuma kama wengine.

Nyang'au aliishi kwa orodha hiyo. Tumbo lake lilikataa ugali tangu Pasaka. Kilichokaa ndani yake kilikuwa maziwa na yai laini, basi.

Hakuweza kusimama peke yake. Mwezi uliotangulia alishikwa na mfagiaji, akapata kilo thelathini na saba. Leo mfagiaji hakuja. Nesi Valary, peke yake na wazee wote hao, akauliza nani ana nguvu amshike mzee.

Amondi akainuka.

Amondi alichuma chai miaka ishirini na tisa, na kwa miaka kumi na sita aliyepima kikapu chake alikuwa huyu huyu, karani Nyang'au. Kila kikapu alikikata kilo mbili. Za maji, alisema. Mvua inyeshe, akate; jua lichome, akate. Bilhah alikatwa. Ogola alikatwa. Nusu ya foleni hiyo ilikatwa.

"Panda, karani," Amondi alisema. "Leo majani ni makavu."

Foleni ikacheka. Akamshika mabega kutoka nyuma.

"Arobaini na moja," Valary akasoma. "Mzee, umenona. Maziwa yamefanya kazi."

"Ananikandamiza."

"Anakushika usianguke."

"Sista, hiyo kazi naijua. Ananikandamiza."

"Unaijua?" Bilhah akamuuliza kutoka kitini. "Ulisomea wapi?"

Wakacheka tena, Ogola mpaka akakohoa.

Nyang'au akaomba apimwe bila kushikwa. Valary akakubali. Magoti yalitetemeka, tarakimu zikakimbia: thelathini na tano, thelathini na tisa, thelathini na sita. Kisha miguu ikakunjika, na Amondi akamdaka kwapani kabla hajagonga sakafu.

"Zisipotulia siwezi kuandika," Valary alisema. "Mara ya mwisho, mzee. Kogo, mshike vizuri." Alimwambia Amondi; huku bibi mzee huitwa kogo. Mara mtu akaitisha beseni kutoka wodini, Valary akakimbia.

Nyang'au aligeuza shingo. "Mama, nihurumie. Nikitolewa kwa maziwa nakufa."

"Sema ulichokuwa ukifanya," Amondi akamwambia. "Sema kwa nguvu, Ogola hasikii vizuri."

Miaka yote hiyo karani alikuwa akisema ni sheria ya kampuni. Sasa alilamba midomo.

"Hazikuwa za maji. Niliziandika kwa jina la mke wangu."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na siku ile ya mvua ya mawe?"

"Ulikuwa na mimba kubwa. Kikapu kilikuwa kimetimia. Nikasema kimepungua mbili, nikakurudisha shambani."

"Mtoto akazaliwa wapi?"

"Katikati ya mistari ya chai."

"Aliishi?"

"Hakuishi."

Safari hii hakuna aliyecheka. Bilhah alijifuta uso kwa leso. "Amondi, basi. Amesema yote. Mwachie."

"Nimesikia," Amondi akasema.

Valary alirudi akipangusa mikono. Amondi akamshika Nyang'au mabega, taratibu, kama binti anayemwogesha baba yake. Mzee akafumba macho, akatulia. Hapo ndipo Amondi alipomkandamiza.

"Arobaini na mbili."

Nyang'au alimtazama Bilhah. Bilhah akaitazama chai. Foleni nzima ilikuwa imeona, na foleni nzima ikafunga mdomo, kwa sababu nafasi moja ilikuwa imepatikana, na karibu kila mmoja wao alikuwa mwembamba.

Ogola ndiye aliyeipata, kilo thelathini na tisa. Kila asubuhi alikula yai lake ameelekea ukutani. Nyang'au alipewa ugali, akautapika, akapewa tena. Alimaliza siku kumi na tisa, akafa.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi uliofuata, miguu ya Ogola ilikuwa imevimba. Valary akauliza nani atamshika.

Amondi akainuka.

"Wewe kaa," Ogola akamwambia.

"Utaanguka, mzee wangu."

"Nimesema kaa."

Akashuka kitini, akaiendea mizani kwa magoti mbele ya watu wote, akajikunja juu yake kama gunia, akabana pumzi ili tarakimu zitulie.