Kijito Chapata Daraja la Kwanza

Kijito kiliingia darasani saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumatatu ya kwanza ya muhula, kikaketi safu ya tatu karibu na dirisha. Mhadhiri wa Shahada ya Uendelevu alikitazama juu ya miwani, akakikumbusha kwamba kipindi huanza saa mbili kamili, kisha akakiandika kwenye daftari la mahudhurio. Waliokaa jirani walinyanyua mabegi yao yasilowe.

Fundi bomba wa chuo, ambaye wote humwita Koki, alikuwa mlangoni na ndoo na tambara. Kijito alikifahamu vizuri. Kilipita nyuma ya maabara, na tangu maabara zijengwe kilikuwa cha zambarau Jumatatu na rangi ya kutu siku nyingine. Miaka kumi na miwili Koki alikuwa akiiandikia ofisi kuhusu bomba la majitaka linalomwaga humo. Ofisi ilimjibu mara moja tu, ikamsifu kwa mwandiko.

"Na hilo bomba nalo ni endelevu," alimwambia mpwa wake, binti wa dada yake, aliyekuwa mwaka wa mwisho kwenye shahada hiyohiyo. "Linaendelea tu, wala halichoki."

Mpwa alicheka, ila cheko la mtu aliyekereka. Muhula mzima alishinda kandokando ya kijito. Aliazima vifaa akapima maji yake, akajifunza kukiuliza maswali na kunyamaza kikijibu. Jioni mjomba wake alimfundisha kushika spana. Koki alijivuna kimoyomoyo, maana katika ukoo wao hakuna mwingine aliyewahi kuingia chuo kikuu isipokuwa yeye mwenyewe, na yeye aliingilia vyooni.

Mtihani wa mwisho ulikuwa na swali moja: Onyesha stadi ambazo mhitimu wa uendelevu anapaswa kuwa nazo. Wengine waliandika kurasa kumi. Mpwa aliomba ruhusa, akatoka, akashuka kwenye shimo nyuma ya maabara na kufunga koki ya lile bomba. Kufikia adhuhuri kijito kilikuwa kimetakata, kokoto zake zinahesabika. Kilicheka ndani ya chumba cha mtihani, msimamizi akakiambia kinyamaze.

Alasiri sinki zote za maabara zilifurika. Mkuu wa kitivo aliwaita mjomba na mpwa ofisini, suruali yake imekunjwa hadi magotini.

"Binti, nani kakutuma?"

"Swali lenyewe, profesa."

"Sisi tunafundisha uchambuzi, ushirikiano, mawasiliano. Kufunga koki hakumo kwenye mtaala."

"Lakini maji yametakata. Njoo uyaone."

"Nimeyaona. Yamo kwenye viatu vyangu."

Akamgeukia fundi. Ile koki ya bomba ifunguliwe leo hii, na aifungue yeye kwa mkono wake. La sivyo, jina la mpwa halitakuwemo kwenye matokeo ya kesho.

Karatasi ya kijito ilikusanywa tupu, imelowa chapachapa. Watahini waliianika dirishani, wakaipitisha mkono kwa mkono, wakakubaliana kuwa hawajawahi kuona ustahimilivu wa namna ile. Wakaipa alama tisini na nane. Mbili zilikatwa kwa uchelewaji.

Koki alishuka shimoni. Mpwa alisimama juu, mikono kiunoni.

"Mjomba, acha. Nitarudia mwaka."

"Utarudia mwaka, nao watamleta fundi mwingine aifungue. Mimi nitamwambia nini mama yako?"

Koki aliona aibu, aibu ya mtu mzima anayejua anachokifanya. Barua zote zile hazikuwahi kuwa nzito kama ile koki. Alijaribu kuizungusha kwa mkono mtupu, ikagoma. Mpwa wake alikuwa ameikaza barabara, kama alivyofundishwa.

Akanyoosha mkono nyuma kupapasa spana, ikawekwa kiganjani mwake. Ilikuwa ile kubwa, ndiyo hasa iliyohitajika. Aliyempa ni kijito. Kilikuwa tayari kimevaa joho la mahafali, limekipwaya kidogo mabegani.

"Samahani," Koki alikiambia.

Kijito kilikunja pindo la joho lisichafuke, kikasogea kando kama kilivyozoea, kikaacha nafasi ya majitaka kupita.